Shati la Keraryo

Gody Mseti alikuwa na duka la miwani mjini Musoma. Watu walimwita daktari, ingawa alichokuwa nacho ni cheti cha kupima macho na mashine moja aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara Mwanza. Alikuwa mtu mtulivu. Hakunywa, hakuwa na mambo ya pembeni, na Jumapili alikuwa wa kwanza kuwasha gari ili yeye na mkewe Hilda wasichelewe kanisani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: vitabu vya kutisha.

Hakutaka vitabu vya kutisha vya kawaida, vile vinavyouzwa vikiwa vimefungwa kwa kamba pale stendi. Alitaka matoleo maalumu, yale ambayo mwandishi huchapisha nakala chache zenye jalada gumu, akaziandikia namba kwa mkono wake na kuweka saini, kisha basi, hazichapwi tena. Alikuwa ameagiza vingine Nairobi, vingine Dar es Salaam, na kimoja alikifuata mwenyewe mpaka Bukoba kwa sababu mwenye nacho alikataa kukituma kwa basi. Vyote vilikaa sebuleni kwenye kabati la kioo lenye kufuli, na mbele yake Hilda alishona pazia ili jua lisivichome.

Alichokipenda kuliko vyote kiliandikwa karibu na nyumbani. Mwandishi wake aliitwa Nicolaus Thadeo, mtu wa Nyasura, Bunda, ambaye kwa sasa ni marehemu. Kilihusu mchimbaji wa dhahabu aliyefukiwa Buhemba, ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Mchimbaji huyo hakufa kabisa. Alibaki chini akiwaita wenzake kwa majina, na kila aliyeitwa alishuka na hakurudi. Gody alikisoma mara ya kwanza akiwa sekondari, toleo la kawaida, kurasa zikiwa zimelegea kwa kupita mikononi mwa bweni zima. Kwa wiki nzima hakwenda chooni peke yake.

Baada ya hapo Thadeo alitengeneza nakala kumi na tano za pekee. Jalada jeusi, saini ya wino mwekundu. Ndani ya jalada, alibandika kipande cha mraba cha kitambaa cha drafti, bluu na nyeupe, na chini yake yalichapwa maneno haya: *Kipande cha shati la marehemu. Kiguse, umsikie.*

Gody alikuwa na nakala ya tisa. Wageni wakija, baada ya chakula, alikuwa akiitoa kwa mikono miwili, anawaambia wafumbe macho, anashika kidole cha mgeni na kukipeleka taratibu juu ya kitambaa. Wanawake walipiga kelele na kucheka. Shemeji yake mmoja alinawa mikono mara mbili. Kama mtu angemuuliza Gody, angejibu kwamba yale maneno ni ujanja wa kuuza kitabu. Lakini moyoni alitaka yawe kweli. Raha yenyewe ilikuwa hapo.

Siku moja alikwenda na kitabu dukani. Wenzake wa kundi la wotsapu la wakusanyaji walikuwa wamemwomba picha nzuri, na mwanga wa dirisha la duka ulikuwa mzuri asubuhi. Alikuwa amekifungua juu ya kaunta anakipiga picha, wakaingia wanawake wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Butiama, jina lake Gati. Mwingine alikuwa mama yake, Wegesa, mzee mwembamba aliyefunga kitambaa cha kichwa cha kwaya.

"Shikamoo, mama," Gody alisema.

"Marahaba, daktari. Macho haya yamenikataa. Nikisoma wimbo naona mchwa tu wanatembea."

Gody alimkalisha, akamtia dawa ya kupanua mboni, akamwambia afumbe macho na asubiri. Aliporudi kaunta alimkuta Gati ameinama juu ya kitabu. Hakuwa amekigusa. Mikono yake alikuwa ameiweka nyuma, kama mtu anayeangalia kitu cha moto.

"Kaka, hiki kitambaa umekitoa wapi?"

"Hicho? Ni mapambo tu. Wanabandika wenyewe kiwandani."

"Hili ni shati la kaka yangu."

Alisema kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie. Gody akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta muda.

"Dada, vitambaa vya drafti viko vingi. Soko zima limejaa."

Gati alinyoosha kidole bila kugusa. Pembeni ya kile kipande kulikuwa na mshono mfupi wa uzi wa kijani, mahali palipowahi kuchanika pakashonwa kwa mkono. Gody alikuwa ameuona mshono huo mara nyingi. Alikuwa akiwaonyesha wageni.

"Mama alishona hapo. Uzi mwingine haukuwepo, akashonea wa kijani, Keraryo akamlalamikia wiki nzima. Na huo uzi, nao ni wa kiwandani?"

Keraryo. Ndilo jina la yule mchimbaji kitabuni. Gody alisikia masikio yake yakipata moto. Hapo angeweza kusema sijui. Angeweza kusema tukae tuongee. Akasema, "Ndiyo. Wa kiwandani."

Gati akatazama jina la kitabu, kisha akaenda kukaa karibu na mama yake na kumshika mkono. Gody akafunga kitabu na kukisukuma ndani ya droo. Alimpima yule mama macho, akibadilisha lenzi moja baada ya nyingine. Mama Wegesa, mboni zikiwa zimepanuka, hakuona chochote cha hapo karibu. Alimshukuru kwa mikono yote miwili na kumwita mwanangu.

Jioni Hilda aliona kwamba chakula hakijaguswa. Akauliza, na Gody akamweleza yote, pamoja na lile jibu lake.

"Ukasema wa kiwandani?"

"Nilishtuka."

"Ulishtuka." Hilda aliweka kijiko chini. "Gody, miye kile kitambaa nimekigusa. Watoto wangu wamekigusa wanacheka. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Lakini hukuulizaga."

Miwani ya mama Wegesa ilikuwa itengenezwe kwa siku chache, na Gati alikuwa ameacha namba ya simu na mahali wanapoishi, Mwitongo, Butiama. Gody aliitengeneza siku ya pili yake, akaifuta, akaiweka kwenye kasha lake, na hakupiga simu. Wiki ikapita. Wateja walipoingia alikuwa akiangalia mlangoni kwanza kabla ya kujibu salamu. Kule kwenye kundi, wenzake waliisifia ile picha, mmoja akiuliza ule uzi wa kijani upo kwenye nakala zote au kwenye yake tu. Gody alifurahi kusoma swali hilo. Furaha ilikuja yenyewe kabla hajaizuia, na baada yake akajiona mchafu.

Jumamosi aliendesha mpaka Bunda. Alijiambia anakwenda kutafuta ukweli, lakini kwa kweli alikuwa anakwenda kutafuta mtu wa kumwambia kwamba kitambaa ni cha uongo. Mjane wa Thadeo, Susana, alikuwa bado anaishi Nyasura kwenye nyumba ya marehemu, na alimpokea vizuri. Alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo. Gody alipotaja lile toleo la jalada jeusi, mikono ya Susana ikasimama.

"Nilijua kuna siku atakuja mtu aniulize," alisema. "Nilidhani atakuwa wa ule ukoo."

"Kwa hiyo ni kweli, mama?"

"Nilikata mimi mwenyewe. Juu ya meza hiyo. Mume wangu alileta shati, akaniambia ni la mitumba, nimkatie vipande vya mraba. Nikakata. Mkasi wangu mzuri tu, nikakata." Alipangusa mikono kwenye khanga. "Baadaye nilisoma yale maneno aliyoyaandika chini. Nikamuuliza. Akasema alikwenda kwa wale watu baada ya duara kuanguka, akawaambia anataka kuandika ili Keraryo wao asisahaulike, akaomba shati akalipige picha, atalirudisha pamoja na kitabu. Yule kijana alikuwa amelivua akaliacha juu kabla ya kushuka. Mwili haukutoka. Walikuwa wamebaki na shati tu."

"Hukumwambia alirudishe?"

"Limeshakatwa, baba. Ningerudisha nini?"

Aliingia ndani akarudi na mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na kola, mikono miwili, na ukanda wa mbele wenye vifungo. Vipande visivyokatika mraba.

"Kila nikifagia chumba nauhamisha, nafagia, naurudisha. Uchukue. Miguu ya kwenda kule mimi sina."

Gody aliupokea. Njia nzima ya kurudi Musoma mfuko ulikaa kiti cha abiria, na alipofika kwenye matuta alijikuta akiushika usianguke.

Siku ya pili, baada ya ibada, alikwenda Mwitongo. Hilda alitaka kufuatana naye, akakataa, kisha njiani akajuta kukataa. Alikuta boma la mama Wegesa limefagiwa, mihogo imeanikwa juu ya turubai, na Gati amekaa barazani anasahihisha madaftari. Gati alipomwona hakusimama.

"Miwani ya mama imekamilika," Gody alisema.

"Ungepiga simu ningefuata."

"Nimeleta na vitu vingine. Mwalimu, nilikudanganya. Ule uzi si wa kiwandani."

Gati alifunga daftari alilokuwa analisahihisha. "Najua," alisema. "Nilijua palepale. Karibu ndani."

Mama Wegesa alikuwa sebuleni, chini ya kalenda ya jimbo, miguu amenyoosha. Gody alimvalisha miwani, akairekebisha nyuma ya masikio kama alivyomfanyia kila mteja, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi anayoijua. Mzee alitazama vidole vyake, akatazama kalenda, akasoma kwa sauti jina la askofu. Akacheka. Ndipo Gody akafungua mfuko na kuweka kola juu ya kitenge chake.

Mama Wegesa hakulia. Alichukua ile kola, akaigeuza, akapitisha kidole gumba ndani, pale panapokaa shingo, ambapo kitambaa kilikuwa kimefifia.

"Ni la Keraryo," alimwambia Gati, kana kwamba binti ndiye aliyeuliza. Kisha kwa Gody: "Na mgongo uko wapi? Na kifua?"

Gody akaeleza. Alieleza vibaya, akianza na mwandishi, akirudi kwa mjane, akijaribu kutaja saini na namba ili ieleweke kwa nini mtu angefanya vile. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alikata huyo marehemu na mke wake. Na wewe ukaweka kabatini."

"Ndiyo, mama."

"Kitabu unacho hapo?"

Alikuwa nacho, ndani ya begi, kimefungwa kwa kitambaa laini.

"Nisomee. Yule bwana alisema ataandika habari za mwanangu. Sijawahi kusikia alichoandika."

Gody alimtazama Gati kuomba msaada. Gati alitazama dirishani. Gody akafungua kitabu, akaanza. Mwanzo ulikuwa rahisi: Buhemba, vumbi, kelele za makarasha ya kusaga mawe, vijana wakicheka. Lakini duara lilipoanguka, Gody akaanza kuruka mistari, kisha aya, kisha ukurasa mzima.

"Umeruka," Gati alisema. "Toleo la kawaida nimelisoma. Lipo hata kwenye kabati la shule."

"Soma yote, mwanangu," mama Wegesa alisema. "Mimi si mtoto."

Akasoma yote. Alisoma mahali ambapo Gody wa bweni alikuwa akifunika kichwa kwa shuka:

"*Keraryo hakuwa na macho tena, udongo ulikaa palipokuwa na macho. Alifungua mdomo, na sauti ikapanda duarani laini kama mafuta, ikasema jina la rafiki yake bila kukosea hata herufi. Njoo. Huku chini kuna nafasi. Na yule rafiki akashika kamba akashuka, akitabasamu, na Keraryo akamla kuanzia mikononi.*"

Akaishia hapo. Kwa miaka yote alikuwa ameipenda aya hiyo. Alikuwa anaijua kwa moyo. Sasa kila neno lilitoka mdomoni kama jiwe, mbele ya mwanamke aliyeshika kola ya yule yule aliyeitwa mla watu.

Mama Wegesa aliikunja ile kola mara mbili. Kisha akasema, "Huyo si Keraryo."

"Hapana, mama."

"Nakuambia si yeye. Keraryo alikuwaga na kigugumizi. Jina la mtu lilikuwa linamchukua mpaka ugali unapoa. Kumwita dada yake tu, Ga-ga-ga, mpaka Gati amekuja mwenyewe, hajamaliza. Angemwita nani kutoka chini bila kukosea?" Alitikisa kichwa. "Alikaa chini kule, na wenzake walikuwa juu wanasikiliza kama kuna mtu anaita wajue pa kuchimba. Hawakusikia kitu. Nilikuwaga nawaza, labda aliita, halafu neno likagoma kutoka. Nawaza hivyo mpaka leo. Sasa huyo bwana anasema aliita vizuri."

Hapo Gati akatoka nje. Walisikia akikohoa uani.

Aliporudi alikuwa na mkasi. Aliuweka juu ya meza mbele ya Gody. Gody alifungua jalada, akaangalia kile kipande cha mraba, mshono wa kijani, saini nyekundu kwenye ukurasa unaofuata. Akasikia mdomo wake ukisema:

"Naweza kukibandua kwa mvuke wa maji ya moto. Taratibu. Kisiharibike."

"Kisiharibike kitambaa," Gati aliuliza, "au kitabu?"

Alikuwa amefikiria kitabu. Alijua, na Gati alijua, na pengine mama Wegesa kwa miwani yake mipya alikuwa anaona vizuri kabisa. Akachukua mkasi. Kitambaa kilikuwa kimeshikwa na gundi, kikatoka na ngozi ya jalada, na ndani ya jalada pakabaki kidonda cha karatasi ya kijivu. Gody alimpa mama Wegesa kile kipande. Yeye akakiweka juu ya paja, karibu na kola, akakisogeza kidogo, kama mtu anayepanga nguo kabla ya kushona.

"Tutafutie na vingine," alisema. "Nimzike mwanangu hata kwa shati."

Gody aliandika kwenye kundi la wakusanyaji jioni hiyo hiyo. Aliandika yote, hata ule uongo wake wa dukani, na akaomba kila mwenye nakala ya jalada jeusi arudishe kitambaa. Kisha daktari mmoja wa meno wa Mwanza akatuma cha kwake ndani ya bahasha, bila maneno. Mwanamke wa Arusha alituma kitabu kizima na kusema hataki kukiona tena. Wengine walisema pole sana na hawakutuma chochote. Mmoja alimwandikia faragha kuuliza kama ile kola na vifungo vinauzwa, maana seti kamili ya namna hiyo haijawahi kuonekana. Gody alimjibu kwa matusi, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu, kisha akakaa akifikiri kwamba mwaka uliopita yeye ndiye angeuliza swali hilo.

Vipande vichache vilivyopatikana alivipeleka Mwitongo, safari hii akiwa na Hilda. Katekista aliongoza ibada. Waliviweka ndani ya kisanduku cha mbao pamoja na kola, mikono na vifungo, wakachimba nyuma ya nyumba, jirani na kaburi la baba yake Keraryo. Majirani walikuja na majembe kama msiba wa jana. Wazee wawili waliochimba Buhemba wakati ule walisimama nyuma wakiwa wamevua kofia. Gody alipewa koleo zamu yake ilipofika. Hakuna aliyemtambulisha kwa watu, wala hakuna aliyemsema. Alitamani wamseme. Alitupa udongo, akatupa tena, mpaka mtu akamgusa bega kumwonyesha kwamba kuna wengine wanangoja.

Walipewa chakula, ugali wa mhogo na samaki wa kukaushwa. Hilda aliingia jikoni kusaidia kuosha vyombo, na Gody akabaki na mama Wegesa. Mzee alikuwa amevaa miwani yake. Alikuwa amechoka, lakini uso wake ulikuwa umelegea kuliko siku ile ya kwanza.

"Kitabu chako umekifanya nini?"

"Kipo, mama. Nilitaka kukichoma, nikakosa nguvu."

"Usikichome. Ukikichoma, atajua nani walichomfanyia?" Alifikiri. "Ila kwangu usikilete. Na wasiguse watu."

"Hawatagusa."

Mzee akachambua mwiba kutoka kwenye samaki.

"Na hao waliobaki navyo vipande vya mgongo. Huwaga wanavifanyia nini?"

Gody alitafuta jibu ambalo lisingemuumiza, hakuliona.

"Wanaviangalia, mama."

"Wanaviangalia tu?"

"Wanaviangalia tu."

Mama Wegesa akamsogezea bakuli la mchuzi, kwa kuwa la Gody lilikuwa limekauka.